Fimbo Isiitwe Fimbo

Mzee Shekalaghe alitaka fimbo isiitwe tena fimbo, na alilitaka hilo kabla jua halijazama. Aliingia karakanani na kofia ya pikipiki kichwani, akakaa juu ya meza ya kupakia rangi bila kutazama anakalia nini, na alipoinuka kikosi kizima cha askari wa plastiki kilikuwa kimemganda kwenye suruali. Siku nyingine Nakijwa angecheka mpaka mbavu zimuume. Siku hiyo aliutazama uso wa mzee, akaanza kuwabandua wale askari mmoja mmoja.

"Na Mchungaji," Shekalaghe alisema. "Na Kibuyu, na Mluzi. Vyote vipate majina mengine, na toleo jipya litoke leo."

Nakijwa Mfinanga alikuwa mtunza kanuni wa Nyika Tano, mchezo wa vita wa mezani ambao nusu ya mji wa Singida waliucheza kila Jumapili na nusu iliyobaki waliulalamikia. Ni mchezo wa dadu, futikamba na sanamu ndogo zisizozidi kidole. Unapanga milima ya sponji mezani, unasimamisha jeshi lako, mwenzako anasimamisha lake, kisha mnabishana mpaka chakula kinapoa. Vita vyenyewe hupiganwa kwenye sayari yenye majua mawili, lakini Shekalaghe alipoubuni mchezo huo alikataa katakata majina ya kuazima. Alisema mtu wa hapa akishika askari mkononi lazima amwite kwa jina linalomkaa mdomoni. Basi kikosi kinachoogopwa kuliko vyote kikaitwa Wachungaji. Bunduki yao ya masafa marefu ikaitwa Fimbo, bomu lao Kibuyu, na Mchungaji akipiga Mluzi, vifaru vyake vyote, ambavyo huitwa Fahali, huvamia kwa mpigo mmoja. Utamu wa mchezo ulikuwa hapo, kwenye majina, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Shekalaghe mwenyewe.

Ndiyo maana Nakijwa alidhani mzee amepandwa na homa. Alimkumbusha kwamba toleo jipya lilipangwa kutoka baada ya mvua. Alimkumbusha pia kwamba mwaka uliopita walibadilisha rangi ya kofia za Wachungaji, rangi tu, wakatukanwa na wachezaji mpaka wakazima simu. Shekalaghe hakucheka. Alimwomba afunge mlango, akavua kofia, akamsimulia habari za Gidabuday.

Gidabuday alikuwa Mdatoga, mtu wa ng'ombe, na kwenye vijiji vinavyozunguka bwawa la Gidewari alijulikana. Asubuhi moja juma lililotangulia alipeleka mifugo kunywa kwa njia ileile aliyoipita siku zote, njia iliyoruhusiwa. Fimbo yake ilikuwa begani na kibuyu cha maziwa kiunoni. Ndama wawili walichepuka kuelekea kwenye tuta, naye akapiga mluzi kuwarudisha. Kigoda, mtambo wa kulinda bwawa uliokuwa juu ya tuta, kikampiga risasi hapohapo, akafa.

Wenye mitambo hiyo waliipa jina refu lenye tarakimu nyingi. Watu waliitazama mara moja, wakaona miguu mitatu na bapa la duara juu, wakasema hiki ni kigoda, na jina likashika. Vililetwa baada ya vita vya visima, wakati mvua zilipoanza kuruka miaka na kila bwawa likawa na kaburi lake. Zamani walinzi walikuwa watu, na mlinzi wa ukoo huu aliwafungulia maji watu wa ukoo huu. Ikasemwa kwamba mlinzi mtu ana shemeji, kigoda hakina shemeji. Kwa kweli kwa miaka kadhaa mambo yalitulia, na hata waliovichukia vigoda walinywesha ng'ombe wao kwa zamu.

"Kigoda kina jicho linalotaja na akili inayopima," Shekalaghe alieleza. Jicho likiangalia bondeni linasema: mtu, fimbo, kibuyu. Akili inauliza: fimbo ni nini, inafanya nini, nifanye nini nikiiona? Ili ijue majibu, ilibidi ifundishwe Kiswahili cha vita, na wenye mitambo walitafuta watu wengi wanaozungumza vita kwa ufasaha, kwa maneno yaliyokubaliwa maana yake, bila mtu kuuawa. Watu hao utawapata wapi kama si kwenye mashindano ya Nyika Tano? Shekalaghe aliwapa sauti zote za mashindano, pamoja na kitabu cha kanuni, tena kwa mikono miwili. Hakuuliza sana. Alifurahi kwamba Kiswahili cha mezani kwake kimeonekana kina faida kwa taifa. Wakaunganisha akili ya vigoda na kitabu kama unavyounganisha nyumba na bomba, na hawakulifunga tena bomba hilo. Kila toleo jipya likitoka, vigoda vyote vinalimeza palepale.

"Kwa hiyo kikauliza fimbo ni nini," Nakijwa alisema taratibu, "na sisi ndio tukajibu."

"Sisi ndio tukajibu."

Nakijwa alikaa. Alikijua kitabu kwa moyo, na sentensi moja ilikuwa imemjia yenyewe, iko kwenye ukurasa wa ushauri kwa wachezaji wapya: *Ukisikia Mluzi, piga Mchungaji kwanza, Fahali baadaye.* Watu huisema kwa kicheko wakitupa dadu. Akaomba maji.

Shekalaghe alisema amekwenda kwa wenye mitambo kuwaambia. Hawakukataa wala hawakukubali. Walimwambia kwamba kuligusa bomba kunahitaji vibali vya ofisi nyingi na miezi mingi, ila yeye kubadilisha majina ya mchezo wake mwenyewe hakuhitaji kibali cha mtu. Abadilishe upesi, na asiseme kwa nini. Kwa mara ya kwanza tangu Nakijwa amfahamu, mzee yule mwenye maneno alizungumza akitazama sakafu.

Wakaanza kazi. Huwezi kuamini ugumu wake mpaka ujaribu. Nakijwa aliita Fimbo "Mkongojo", kisha akawaona vikongwe wanaoteremka bwawani na ndoo. Alijaribu "Mtwangio", akafuta. "Mpini" ukafutwa kwa ajili ya wakulima. "Radi" ilionekana salama hadi Shekalaghe alipouliza itakuwaje mvua ikinyesha na mtu akapiga kelele, "Radi!" "Nyuki" wana warina asali, "Moto" una kila mpishi. Kila jina zuri lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amelishika mkononi akitembea nalo kando ya bwawa. Maneno yote yenye ladha yalikuwa ya watu.

Mwishowe walibaki na milio mitupu. Fimbo ikawa Zerefu. Kibuyu kikawa Tunzo-la-Pili, likafutwa kwa sababu tunzo ni neno, kikawa Galwedo. Mluzi ukawa Shunya. Mchungaji akawa Mdolwe. Nakijwa aliyasoma kwa sauti moja baada ya jingine kuhakikisha kwamba hayafanani na neno lolote linaloweza kumtoka mtu wa kawaida. Shekalaghe alisema Zerefu linasikika kama dawa ya minyoo, kisha akafunika uso kwa viganja, na Nakijwa hakujua kama anacheka au analia.

Majina yalikuwa tayari kwenye kishikwambi. Kilichobaki ni Nakijwa kubonyeza, maana ni yeye peke yake aliyekuwa na ruhusa ya kutoa toleo. Shekalaghe ndiye aliyeweka utaratibu huo zamani ili asishawishike kuwapendelea rafiki zake. Nakijwa alikuwa ameshainua kidole alipouliza, kama mtu anayeuliza kuhusu hali ya hewa, baraza la uchunguzi wa kifo cha Gidabuday litakaa lini.

Mzee akasema ni wiki ijayo. Kisha akasema, "Bonyeza, Naki."

Hakubonyeza. Sheria ya Bwawa aliijua, kila mtu wa mkoa ule aliijua. Kwenye baraza la maji shahidi ni kigoda. Mtu anaweza kusema apendalo na likaandikwa, lakini neno la mwisho ni la kigoda, kwa sababu hakina shemeji. Na kigoda hakihifadhi mawazo. Kinakumbuka kilichoona, kilichosikia na kilichofanya, basi. Ukikiuliza kwa nini ulifanya, hakirudi nyuma kusoma kilivyofikiri siku ile, kinafikiri upya kwa maana za leo. Majina yakibaki kama yalivyo, kitasema mbele ya watu wote: nilimpiga kwa sababu fimbo ni bunduki. Jina la marehemu litasafishwa, na bomba lile litaonekana. Majina yakibadilika, fimbo itakuwa fimbo tu, na kigoda kitalazimika kutafuta sababu nyingine. Mtu aliyeuawa na kigoda bila kosa la kigoda kuonekana huitwa mvamizi, na ukoo wa mvamizi haunyweshi Gidewari tena.

"Ninyi Wapare mkinusa kesi hamlali," Shekalaghe alisema. Ulikuwa utani wao wa kila siku. Leo ulianguka chini ukabaki hapo.

"Mzee, tunamzika mara ya pili."

"Nisikilize. Kila siku jina hili linapobaki, kuna mtu anatoka nyumbani kwake na fimbo. Niambie wewe, nimwache huyo afe ili marehemu ashinde kesi?"

Lilikuwa swali la haki, na hilo ndilo lililomuudhi Nakijwa zaidi. Angependa mzee awe mwongo au mwoga tu, amchukie, mambo yaishe. Alitia kishikwambi kwenye mkoba, akatia na sanamu moja ya Mchungaji, akasema anakwenda kumuuliza mwenye msiba. Shekalaghe alimwambia huo ni wazimu, kwamba siri hiyo si yao. Nakijwa akajibu kwamba siri ni ya mjane wa Gidabuday kuliko ya mtu mwingine yeyote, akachukua ufunguo wa pikipiki kutoka kwenye kofia ya mzee.

*

Udagwenga, yule mjane, alimpokea nje ya nyumba yake. Alikuwa mwanamke mrefu, si mzee sana, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyemaliza kulia mbele za watu. Nakijwa alimpa shikamoo na pole. Udagwenga akamletea maziwa na kiti cha kukalia, kigoda cha mti cha miguu mitatu, na Nakijwa alisita kukikalia. Yule mama aliona. Akakisukuma karibu zaidi kwa mguu, akamwambia akae, hicho hakina kosa.

Nakijwa alieleza kila kitu, vibaya, akirudi nyuma na kujisahihisha. Alieleza jicho linalotaja na akili inayopima, akaeleza bomba. Udagwenga alimsikiliza bila kumkatiza. Mwisho akaomba kuiona hiyo sanamu. Aliiweka kwenye kiganja, akaigeuza, akaugusa mkono wake mdogo wenye fimbo ndogo.

"Huyu ndiye aliyemuua?"

"Hapana, mama. Kigoda kilidhani marehemu ndiye huyu."

Udagwenga alimrudishia sanamu. Kisha akauliza kwa utaratibu, kama anayeuliza njia, majina yakibadilishwa nini kitatokea na yasipobadilishwa nini kitatokea, na Nakijwa akamjibu bila kupunguza neno. Alimwambia pia kwamba ukoo unaweza kuyapoteza maji. Yule mama alisema maji ni kitu kizito, lakini kuna visima vya Wambere huko mbali, na miguu ipo. Kilichomuuma ni jina. Gidabuday aliwahi kulala bwawani siku kadhaa kuwapatanisha watu wa koo mbili waliokuwa wameshikana kwa ajili ya zamu. Mtu huyo aitwe mvamizi wa maji, na wajukuu wake waitwe wajukuu wa mvamizi?

"Sasa unataka nini kwangu?" aliuliza.

"Nataka uniambie nifanye nini."

Udagwenga alimtazama kwa mara ya kwanza kwa kitu kilichokaribia huruma. "Nipe mpaka kesho asubuhi," alisema. "Nizungumze na shemeji zangu, maana jina hili si langu peke yangu. Leo nitatuma neno hapa kwetu na kwa majirani, mtu asiende bwawani na fimbo. Kesho nitakujibu. Na nitakachosema kitakuwa changu."

Nakijwa alikubali. Alisema ndiyo kwa mdomo wake mwenyewe, akashikana naye mkono, na njiani kurudi alijisikia mwepesi kidogo kwa mara ya kwanza tangu mchana.

*

Barabara ya kurudi mjini inapita chini ya tuta la bwawa. Jua lilikuwa limeinama lakini mwanga ulikuwa bado mwingi, na kigoda cha upande ule kilikuwa kimekaa juu ya tuta na miguu yake imekunjwa, kama kawaida yake. Nakijwa alipunguza mwendo. Hapo ndipo alipowaona.

Walikuwa wanaume watatu na kundi kubwa la ng'ombe waliokonda, wakitokea upande wa kusini ambako hakuna jirani yeyote wa Udagwenga. Watu wa mbali hao, waliotembea siku nzima au zaidi. Neno la Udagwenga lisingewafikia hata kama lingepewa mabawa. Kila mmoja alikuwa na fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake, na wawili walikuwa na vibuyu. Ng'ombe walikuwa wamesikia harufu ya maji, wameanza kukimbia na kutawanyika.

Nakijwa alisimamisha pikipiki, akapiga kelele watupe fimbo. Walikuwa mbali. Mmoja wao alimsikia, akadhani anasalimiwa, akainua fimbo juu kumjibu salamu. Juu ya tuta kigoda kikanyoosha miguu yake mitatu, kikasimama.

Alipiga kelele tena, sauti ikakatika. Akaona mwanamume wa kati akishusha fimbo, akaona akipeleka vidole viwili mdomoni.

Hakufikiri, na baadaye alipojaribu kujidai kwamba alifikiri hakuweza kujidanganya. Alikitoa kishikwambi mkobani kwa pupa hata sanamu ikaanguka vumbini, akabonyeza. Toleo likaondoka. Mluzi ukasikika, mrefu, mwembamba, wa kupanda na kushuka, na ng'ombe wakageuza vichwa. Kigoda kilibaki kimesimama. Jicho lake lilimfuata yule mtu hadi ukingoni mwa maji, likawatazama wenzake, likawatazama ng'ombe. Kisha miguu ikakunjika na kigoda kikakaa.

Nakijwa aliketi kando ya barabara. Hakujua kama amewaokoa watu watatu au kama kigoda kilisimama kutazama tu, kinavyosimama kila siku kutazama mamia ya watu na kukaa tena. Hatajua maisha yake yote. Wale wanaume walinywesha wakicheka, maskini, na mmoja akampungia mkono tena.

Angeweza kugeuza pikipiki arudi kwa Udagwenga palepale, hakukuwa mbali. Alijiambia giza litamkuta njiani. Haikuwa kweli, ilikuwa aibu, na aliondoka nayo mpaka mjini.

Asubuhi Udagwenga alipiga simu kama alivyoahidi. Alianza kusema, "Mwanangu, tumekaa na shemeji zangu," na Nakijwa, ambaye hakuwa na uwezo wa kusikia zaidi ya hapo, alimkatiza. Alisema ameshabadilisha, kwamba ilimbidi, kwamba palikuwa na watu. Kisha simu ikakatwa.

*

Baraza lilikaa kwenye banda la ofisi ya bwawa, mbele ya watu wengi. Nakijwa alisimama akasema yote: kitabu, bomba, sentensi ile ya ushauri, na siku aliyotoa toleo jipya. Mzee Shekalaghe naye, ambaye alikuwa amekatazwa kusema na alijua karakana yake itafungwa kwa hilo, alisimama na tai yake ya harusini akasema, "Kitabu nilikitoa mimi." Watu walinung'unika. Mwakilishi wa wenye mitambo, kijana mwenye adabu nyingi, aliomba ruhusa aulize swali moja tu. Akauliza kama katika kitabu cha kanuni kilichopo sasa neno fimbo limetajwa kuwa silaha.

Nakijwa alisema hapo mwanzo lilitajwa.

"Katika kitabu kilichopo sasa, dada."

"Katika kilichopo sasa, hapana."

Kijana akashukuru, akakaa. Mwenyekiti, mwanamama mwenye miwani minene, alisema maneno yao yameandikwa na kwamba sasa atamsikiliza shahidi. Kigoda kililetwa mpaka mlangoni, kikakunja miguu kwenye kizingiti, na watu waliokuwa karibu wakajivuta nyuma.

Mwenyekiti alikiuliza siku ile kiliona nini. Kigoda kina sauti ya upole, sauti iliyotengenezwa kutokana na sauti nyingi za wachezaji, na Nakijwa alihisi kusikia ndani yake namna ya kutamka ya watu aliowafahamu.

"Mtu. Fimbo. Kibuyu. Ng'ombe."

"Ulisikia nini?"

"Mluzi."

"Fimbo ni silaha?"

"Fimbo si silaha."

"Mluzi ni amri ya kuvamia?"

"Mluzi ni sauti ya kuita mifugo."

Pakawa na minong'ono ya matumaini. Hata Nakijwa, aliyejua jinsi kitu kile kinavyofanya kazi, moyo ulimruka. Alifikiri: kitasema hakikuwa na sababu. Hakina pa kwenda, kitasema ukweli kwa kukosa kingine cha kusema. Mwenyekiti naye aliinama mbele.

"Basi kwa nini ulimpiga?"

Kigoda kilifikiri upya.

"Mimi sipigi mtu asiye adui," kikasema. "Mtu huyu nilimpiga. Alikuwa adui."

Mwenyekiti alivua miwani akaifuta, akaivaa, akauliza tena. Kigoda kikajibu vilevile, kwa upole uleule. Ilionekana wazi kwamba mwenyekiti hakulipenda jibu hilo, lakini sheria haikumuuliza analipenda au la. Gidabuday akaandikwa mvamizi wa maji ya Gidewari. Ukoo wake ukapewa muda wa kuondoa mifugo.

Nje jua lilikuwa kali. Ng'ombe wa Udagwenga walikuwa wameshakusanywa chini ya njia, shemeji zake wakiwahesabu kwa macho, na ilikuwa dhahiri kwamba hawakuja pale wakitarajia kushinda. Nakijwa alimfuata Udagwenga mpaka kwenye kundi. Alikuwa amejiandalia maneno mengi, akasema machache tu: aliogopa, amsamehe.

"Wale watu watatu," Udagwenga aliuliza, "wako hai?"

"Wako hai, mama."

"Ni wa wapi?"

"Sijui. Wa kusini."

Udagwenga akatikisa kichwa kukubali, na uso wake haukuwa na hasira. Nakijwa angependelea hasira. Mama yule alijifunga shuka vizuri, akamshika mkono kama alivyoushika siku ile nyumbani kwake, na akasema bila kupandisha sauti.

"Asubuhi ile nilikupigia nikuambie ubadilishe."

Nakijwa alitaka kuutoa mkono wake, Udagwenga akaushikilia.

"Shemeji zangu walikataa, nikawashinda. Tulikaa mpaka wakakubali. Gidabuday alikuwa mtu wa kutoa, angelitoa jina lake mwenyewe ili watu wanyweshe, na mimi ningelitoa kwa mkono wangu kwa niaba yake. Tungeliingia baraza hili tukijua tumetoa nini." Aliuachia mkono wake. "Hukunikosea kwa kubadilisha, mwanangu. Ningefanya hivyohivyo. Lakini mume wangu sasa hakutoa kitu. Amenyang'anywa tu, mara ya pili."